Hom Rani ya Mogesi

Theodora Komba alifika Nyamwaga miaka kumi na mmoja iliyopita akimfuata mumewe, Salvatori, aliyekuwa ameitwa na wenzake aje kuchimba dhahabu. Walitoka Mbinga, kwenye kahawa, mbali kabisa kusini. Salvatori alichimba miaka minne, kisha akasikia Chunya kuna mwamba mpya, akaenda. Simu zake zikawa za kila wiki, halafu za kila mwezi, halafu zikakoma. Theodora akabaki na cherehani yake kwenye kibaraza cha chumba alichopanga kwa mama mmoja anayeitwa Gati. Alishona sare za shule na nguo za kwaya, akatia viraka suruali za wachimbaji. Watu walimwita Fundi. Hakuwa na maneno mengi, na hakuwa na ndugu hata mmoja kuanzia pale mpaka Musoma.

Mimi nilimfahamu kwa sababu ya besiboli. Mchezo huo aliuleta Mwalimu Steven, ambaye alijifunza chuoni Dar es Salaam kwa Mjapani aliyekuja kujitolea. Steven alirudi kwao na magongo mawili, glovu sita na mipira saba, akakusanya vijana wa kata, akawafundisha. Tulidhani ni kichaa. Mwaka wa pili, kata nzima ilikuwa inashinda uwanjani kila Jumamosi, wazee wakiwa wa kwanza kufika.

Kwa ambaye hajauona mchezo wenyewe, ni hivi: mrushaji anatupa mpira, mpigaji anaugonga kwa gongo, halafu anakimbia kuzunguka vituo vitatu mpaka arudi pale alipoanzia, panapoitwa nyumbani. Akirudi, timu inapata alama. Na akiugonga mpira ukaruka moja kwa moja kupita uzio wa mbali, katikati ya mistari miwili ya pembeni, hakuna wa kumzuia tena. Anazunguka kwa raha zake mpaka nyumbani, na mwenzake yeyote aliyekuwa kituoni anarudi pamoja naye. Hiyo ndiyo hom rani. Ukipita nje ya mstari, hata kwa kiganja kimoja, si kitu, anarudi kupiga upya.

Mpira wa besiboli umevikwa ngozi nyeupe iliyoshonwa kwa uzi mwekundu. Kwenye uwanja wetu wa changarawe uzi ulikatika haraka, ngozi ikafunguka kama ganda la chungwa, na mipira mingine ya kununua haikuwepo Tarime wala Mwanza. Ndipo Steven akapeleka mipira kwa Fundi. Theodora aliugeuzageuza mmoja mkononi, akahesabu matundu: mia moja na nane kila upande. Akaushona kwa sindano ya viatu na uzi wa nailoni. Jumamosi iliyofuata alikwenda uwanjani kuona kama kazi yake itashika. Ilishika. Naye akawa haondoki tena.

Steven akawa anakaa kibarazani akisubiri mipira yake, anamwonyesha kwenye simu hom rani zilizowahi kutikisa dunia. Kulikuwa na ya mwaka 1951, New York, mtangazaji anapiga kelele kama mtu aliyeona nyumba inaungua. Kulikuwa na ya 1988, Los Angeles, mpigaji mwenye miguu mibovu yote miwili anaugonga kwa nguvu za mikono tu, kisha anazunguka vituo akichechemea. Iliyopendwa zaidi na vijana ilikuwa ya 1975, Boston. Mchezaji anayeitwa Carlton Fisk anaupeleka mpira juu sana, unaambaa na mstari wa kushoto, na yeye badala ya kukimbia anasimama kuupungia mikono kama mtu anayeswaga ng'ombe: ingia ndani, ingia ndani. Mpira ukagonga mlingoti. Kugonga mlingoti ni ndani.

"Na mwamuzi yuko wapi?" Theodora aliuliza.

"Yupo pembeni hapo, haonekani vizuri," Steven akasema.

"Mimi ningependa kumwona uso huyo."

Steven alicheka, lakini baadaye chama cha mkoa kilipotaka watu wa kusomea uamuzi, jina alilolipeleka lilikuwa la Theodora. Sababu zake zilikuwa mbili. Fundi alikuwa na jicho la kuona uzi uliopinda nusu ya punje. Na hakuwa wa ukoo wowote wa huku. Kwetu timu ni ukoo, na mwamuzi mwenye mjomba upande mmoja haaminiki. Theodora hakuwa na mjomba. Alikwenda Mwanza siku tano, akarudi na cheti chenye mhuri na kofia nyeusi.

Misimu miwili aliamua bila tatizo. Kisha ukaja mwezi wa sita wa mwaka juzi, fainali ya mkoa, Nyamwaga na Nyambureti, kwenye uwanja wetu.

Nyambureti wako upande wa pili wa Mto Mara, wilaya ya Serengeti. Wiki tatu kabla ya mechi, ng'ombe kumi na wanne waliibwa kwao, na wenyewe walisema alama za kwato zilifuatwa mpaka mtoni kuelekea huku. Wezi hawakujulikana, lakini maneno yalikuwa mengi. Kwa hiyo siku ya fainali walikuja na malori mawili ya mashabiki, wanaume watupu, kila mmoja na fimbo yake. Wetu nao walikuja na fimbo. Mwanaume wa huku kutembea na fimbo si habari, ila siku hiyo niliona hata wale ambao huwa hawabebi wamebeba.

Mimi nilikuwa naandika alama, nimekaa kwenye dawati la shule karibu na nyumbani. Mwamuzi mkuu alitoka Musoma, alisimama nyuma ya mpigaji. Theodora alipewa mstari wa kushoto, ule unaoelekea magharibi na kuishia kwenye mlingoti wa mkaratusi tuliokuwa tumeupaka rangi ya njano. Nyuma ya mlingoti kuna ua wa katani, halafu migomba. Nyuma ya mgongo wa Theodora, hatua tatu tu, walijipanga watu wa Nyamwaga.

"Fundi, leo tunakutegemea," mmoja alimwambia. Alisema kwa kucheka. Theodora aliniambia baadaye kwamba tangu dakika ile hakuthubutu tena kutazama nyuma.

Mchezo ukafika awamu ya mwisho. Nyambureti tano, Nyamwaga nne. Tulikuwa tumebakiwa na mpigaji mmoja tu kabla ya kumalizika, na mwenzake mmoja alikuwa kituo cha pili. Mpigaji huyo alikuwa Mogesi, kijana mrefu anayechunga ng'ombe wa baba yake, mwenye mabega kama mlango. Mrushaji wa Nyambureti alikuwa Selestine, mwembamba, mtulivu, ambaye tangu mchana alikuwa ametusumbua sana. Saa kumi na moja ilikuwa imepita, jua limeshuka.

Selestine akatupa. Mogesi akaugonga.

Sauti ya gongo ilikuwa kavu, na uwanja mzima ukasimama. Mpira ulipanda ukiambaa na mstari wa kushoto, juu, juu zaidi. Mogesi hakukimbia. Alisimama akaupungia mikono, kama yule wa Boston. Theodora aliufuata kwa macho tangu ulipotoka kwenye gongo, akageuka nao, akainua uso, na jua likamwingia machoni lote. Aliona weupe. Aliona madoa meusi ndani ya weupe. Alisikia jani la mgomba likichanika.

Kisha watu wote wakamtazama yeye.

"Fundi!" sauti ikatoka nyuma yake, karibu na sikio. Fimbo moja iligusa ardhi pembeni ya kiatu chake.

Alichotakiwa kusema alikijua. Alitakiwa kumwita mwamuzi mkuu, amwambie hakuona, wakae wenyewe wawili washauriane. Walifundishwa hivyo Mwanza. Lakini mkono wake wa kulia ulinyooka kuelekea ndani ya uwanja, ukakaa pale.

Ndani. Hom rani. Sita kwa tano.

Watu wetu walimwagika uwanjani kama maji. Mogesi alibebwa kabla hajafika nyumbani, ikabidi ashushwe akanyage kwanza. Upande wa pili wanaume wa Nyambureti walishuka kwenye malori. Polisi watatu waliokuwepo walisimama katikati na mikono wameinyoosha, na kwa dakika kumi hivi nilidhani nitaona watu wanakufa. Kocha wa Nyambureti, mwalimu wa kike anayeitwa Nyangi, alipita katikati ya hizo fimbo zote akaja mpaka kwa Theodora.

"Dada," alimuuliza, "uliuona?"

"Niliuona."

"Niangalie. Uliuona?"

"Niliuona, Mwalimu."

Nyangi akageuka, akawapandisha vijana wake kwenye lori. Mzee mmoja wa kwao alisema kwa nguvu ili wote wasikie, "Huyo mama tutakuja kumuuliza vizuri." Mwamuzi mkuu akaniletea fomu. Theodora alisaini chini ya jina langu, na herufi zake zilikuwa zimetawanyika kama za mtoto wa darasa la kwanza. Niliziona. Sikuuliza. Mimi nami ule mpira sikuuona, maana nilikuwa nimeinama kwenye daftari, na moyoni nilishukuru kwamba hakuna wa kuniuliza.

Hofu ya Theodora ilianza sawasawa Jumatatu. Aliigeuza cherehani ili mgongo uelekee ukutani na uso uelekee barabarani. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo ilimfanya ashike mkasi. Siku ya soko, mwanaume mmoja aliyevaa koti la kahawia alikaa kwenye benchi la muuza chai, ng'ambo ya barabara, akamtazama toka saa nne mpaka saa saba. Hakunywa chai. Kisha akaondoka. Siku ya soko iliyofuata alirudi, akakaa pale pale. Theodora aliuliza kwa muuza chai, akajibiwa, "Simjui. Lafudhi yake ni ya ng'ambo ya mto." Akaingia ndani, akafunga mlango saa sita mchana, akakaa chini ya dirisha kwenye joto mpaka aliposikia watoto wakitoka shule.

Lakini kilichomtisha zaidi, aliniambia, ni wema. Watu walianza kumletea vitu. Mkungu wa ndizi. Maziwa mgando kwenye kibuyu. Kuku mwekundu aliyefungwa miguu. Walisema asante, Fundi, umetuokoa. Alipokataa walidhani ana adabu, wakaacha vitu mlangoni. Gati, mwenye nyumba, alimshika bega akamwambia, "Sasa wewe si mtu wa kuja tena. Sasa ni wetu." Theodora alikuwa amesubiri maneno hayo miaka mingi.

Wiki ya tatu, kwenye mnada wa ng'ombe, watu wawili walibishana habari ya mpira ule. Mmoja wa huku, mmoja wa kule. Ndani, nje, ndani, nje. Yule wa kule alivunjwa mkono na taya. Habari ilimfikia Theodora akiwa anakata kitambaa cha sare. Akakata mpaka nje ya chaki, akaharibu mita nzima.

Alikwenda kwa Steven siku hiyo hiyo.

"Mwalimu, ule mpira sikuuona."

Steven alikuwa anasahihisha madaftari. Aliweka kalamu chini. "Unasemaje?"

"Jua lilinipiga. Sikuuona. Niliogopa, nikanyoosha mkono."

Steven aliinuka akafunga mlango wa ofisi. "Fundi, sikiliza. Hilo usilirudie. Fomu imesainiwa, kombe liko kwa mtendaji. Unajua watakufanya nini hapa? Na mimi niliyekuleta?"

"Mtu amevunjwa mkono."

"Kwa hiyo unataka avunjwe mwingine?"

Theodora akafungua mlango. Akatoka. Mlangoni alikutana na Mogesi, ambaye alikuwa amekuja kuchukua glovu na amesikia. Kijana alimfuata mpaka barabarani, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, hata mimi sijui. Mpira ulipopita mlingoti nilikuwa nakutazama wewe." Kisha akarudi.

Kesho yake asubuhi Theodora alimwita Simioni wa bodaboda amvushe kwenda Nyambureti. Alivaa gauni la kanisani. Simioni alidhani wanakwenda msibani. Alipoelezwa, alizima pikipiki. Akafikiri. Akaiwasha tena. Walipovuka daraja la Mto Mara alisimama.

"Mama, mimi mwisho wangu hapa. Namba yangu inajulikana ni ya Nyamwaga. Nitakusubiri mpaka saa tisa."

"Usiponiona je?"

Simioni alitazama maji. "Nitapiga simu polisi," akasema.

Alitembea saa moja na nusu. Mahindi pande zote mbili yalikuwa yamekauka yakingoja kuvunwa, na kila upepo ulipoyatikisa alisikia watu ndani yake. Akakutana na mzee anaswaga mbuzi, akamwamkia, "Shikamoo." Mzee akaitika, "Marahaba," akamtazama, akaendelea kumtazama hata alipokwisha kumpita. Mara mbili alisimama akageuka kurudi. Mara ya pili alirudi kweli, hatua kama mia, kisha akakaa kwenye jiwe, akavua kiatu kutoa kijiwe ambacho hakikuwemo, akakivaa, akaendelea mbele.

Nyangi alimkuta kwenye kivuli cha ukuta wa darasa, amesimama kama mwanafunzi aliyechelewa. Hakumuuliza alichofuata. Alimpa maji, kisha akatuma watu waitwe. Wakaja kama thelathini, wakajaza darasa, wengine madirishani. Na kwenye dawati la mbele, akiwa na koti lake la kahawia, alikaa yule mwanaume wa benchi la chai.

Theodora alishika ukingo wa meza ya mwalimu. Hakuandaa maneno.

"Mimi ndiye niliyekuwa kwenye mstari," alisema. "Mpira sikuuona. Jua liliniingia machoni. Nyuma yangu kulikuwa na fimbo, nikaogopa, nikasema ndani. Inawezekana ulikuwa ndani. Inawezekana ulikuwa nje. Sijui, na sitajua. Nilimdanganya Mwalimu Nyangi aliponiuliza. Nimekuja kusema hivyo."

Darasa lililipuka. Mmoja alisema afungiwe humo humo mpaka kombe liletwe. Mwingine akasema alipe ng'ombe. Mwanaume aliyesimama dirishani alimwonyesha fimbo yake, taratibu. Nyangi aligonga meza mara kadhaa, hawakumsikia. Ndipo yule wa koti la kahawia aliposimama, wakanyamaza.

"Mimi naitwa Machage," alimwambia. "Selestine ni mwanangu. Tangu siku ile hashiki mpira, hali vizuri, anasema amewaangusha watu wake. Nilikuja kwako mara mbili nikuulize kitu kimoja tu, uliuona au hukuuona. Mara zote mbili nilikuona unatetemeka na mkasi mkononi. Nikasema nikivuka barabara huyu mama atakufa kwa presha. Nikarudi."

"Nilidhani umekuja kuniua," Theodora akasema.

"Hasira nilikuwa nayo," Machage akajibu, na hakutabasamu. Kisha akawageukia wenzake. "Amekuja kwa miguu yake. Mwacheni aandike, aende."

Aliandika kwenye karatasi ya mtihani, akasaini, Nyangi akasaini kama shahidi. Machage alimsindikiza mpaka darajani, akitembea mbele. Simioni alikuwa bado yupo, ingawa saa tisa ilikuwa imepita.

Barua ilipofika mkoani, chama kiliyafuta matokeo, kikaagiza mechi irudiwe Musoma, mbele ya waamuzi wanne. Tulifungwa tatu kwa moja. Mogesi aligonga mpira mmoja tu, ukadakwa. Hakukuwa na hom rani yoyote, wala ugomvi. Watu walichoka njiani tu na kurudi nyumbani.

Kwa Theodora mambo hayakwisha hivyo. Zile ndizi na maziwa vilikoma siku moja. Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Mtu alimwaga oili chafu kwenye cherehani yake, akatumia siku mbili kuisafisha kwa mafuta ya taa na mswaki. Gati hakumfukuza, lakini kwa miezi minne hakuwa anaitika salamu, na kuishi kwenye ua mmoja na mtu asiyekuitika ni kitu kigumu kuliko unavyodhani. Kila jioni Theodora alisikiliza hatua nje ya mlango. Alifikiria kurudi Mbinga, hata akaulizia nauli. Nilimuuliza kwa nini hakwenda. Alisema aliogopa pia kufika kwao mikono mitupu, bila mume, na kwamba kati ya hofu mbili hii ya hapa alikwisha kuizoea.

Wa kwanza kurudi kibarazani alikuwa Mogesi, na suruali iliyochanika goti. Baada yake wakaja wachimbaji, ambao ugomvi wa kata haukuwahusu. Miezi ile minne ilipokwisha, Gati aligonga mlango wake mchana, ana homa, hana mtu wa kumpeleka zahanati, Theodora akampeleka. Steven ndiye aliyechukua muda mrefu kuliko wote. Alikuja na mipira mitatu iliyopasuka kwenye mfuko wa rambo, akaiweka mezani, akasema tu, "Fundi, ikiwa tayari utanipigia." Naye akasema atapiga.

Mwaka huu mwezi wa sita chama kilimwita tena, aamue nusu fainali Mugumu. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali, na mimi nikaenda naye kuandika alama. Asubuhi hakuweza kunywa hata chai. Alisimama kwenye mstari na kofia yake nyeusi imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Awamu ya tatu mpira ulikuja upande wake, chini, kwa kasi, ukapiga vumbi. Akanyoosha mikono yote miwili kuelekea nje. Watu wakazomea. Mmoja alitukana matusi mabaya ya Kiswahili na ya Kikurya. Theodora hakushusha mikono mpaka mwamuzi mkuu alipoirudisha ishara yake, na mchezo ukaendelea.

Ulipomalizika alikuja kukaa kwenye dawati langu, akaomba maji, akanywa chupa nzima. Nikamuuliza kama bado anaogopa. Akanionyesha viganja vyake; vilikuwa vimelowa. Asubuhi iliyofuata tulipanda basi la kwanza, kwa sababu alikuwa ameahidi sare kumi na mbili kwa shule ya msingi, na vifungo alikuwa bado hajatia.